Mayai Kumi ya Martine

Adolphine alikuwa na kuku sita na ulimi wa kuwatosha watu kumi na wawili, na katika mtaa wa Kenya, pale Elisabethville, Kongo, hakuna aliyembishia juu ya kuku wala ulimi. Mtetea wake akianza kuatamia wakati yeye anataka mayai, hakubembeleza. Alimfunika chini ya kitunga kisicho na jani hata moja, akamlowesha tumbo kwa maji baridi asubuhi na jioni, na siku ya nne kuku alikuwa amesahau habari za ulezi.

Mmoja tu alimshinda, yule mweusi mwenye shingo tupu. Huyo akikalia, amekalia. Mwaka uliotangulia mayai yote yaligeuka viza, naye akaendelea kulala juu yake hadi mfupa wa kidari ukatokeza kama kisu. Adolphine alimnyanyua kwa nguvu, akamlisha uji wa mahindi kwa kidole wiki nzima. Alimpenda kuliko alivyowapenda ndugu kadhaa wa mumewe, na alilisema hilo mbele yao.

Kwa hiyo majirani walimwazima mweusi, na sharti lilijulikana: kuku wangu, mayai yako, vifaranga nusu kwa nusu, na kuku anarudi kwa mwenyewe hata kama tumegombana. Martine wa nyumba ya pili alileta mayai kumi mwezi wa nane, mwaka wa 1961. Zamani Martine alimwita Adolphine yaya, dada mkubwa. Mwaka ule, jimbo la Katanga lilipokuwa limejitangaza nchi ya peke yake, alikuwa amelimeza lile neno. Sasa watu wa Kasai, kama Adolphine na mumewe, waliambiwa warudi kwao, hata waliozaliwa hapa hapa na wasiojua kwao kuko upande gani. Clément, mume wa Adolphine, alifukuzwa kwenye meza yake ya ukarani bila barua. Mawe yalianza kuanguka juu ya bati. Lakini chuki haiangui mayai, na kuku wa Martine walikuwa wavivu, ndiyo maana akayaleta.

Siku ya tatu ya mayai hayo, Clément alitangulia na watoto kwenye kambi ya ONU, Umoja wa Mataifa, kwenda kushona magunia yawe nyumba. Adolphine alibaki kufunga sufuria. Ndipo Martine alipoingia bila hodi, akapita mbele yake, akaanza kupima sebule kwa hatua zake, ukuta hadi ukuta.

"Unatafuta nini mu nyumba yangu?" Adolphine aliuliza.

"Napima. Mudogo wangu iko na kitanda kikubwa."

"Mi niko hapa bado, Martine."

"Mpaka kesho. Bantu benu bote banaenda." Alichungulia nyuma ya mlango wa jikoni, kuku mweusi alipojitandaza juu ya mayai. "Ule kuku utaniachia. Ku kambi utamuweka wapi? Mayai ni yangu, itaanguliwa hapa."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeagiza chumvi, na hilo ndilo lililomchoma Adolphine hadi mwisho. Miaka tisa alimgawia mwanamke huyu moto, sabuni na majani ya muhogo, na leo anapimiwa ukuta akiwa bado amesimama mbele yake. Kuanzia hapo alitaka kitu kimoja tu duniani: asilie kifaranga hata mmoja katika uwanja wa Martine.

Martine alipotoka, Adolphine aliwasha mbabula, jiko lake la makaa. Alitia mkono chini ya kuku, akayatoa mayai yote kumi, akayachemsha hadi maji yakakaribia kukauka. Aliyaacha yapoe, yakabaki na joto la mwili tu, akayarudisha moja moja. Mweusi aliyavuta kwa mdomo, akayapanga chini ya tumbo, akatulia. Adolphine alicheka peke yake jikoni. Kesho yake alimkabidhi Martine kuku na kiota chake mkononi, akafunga kuku wengine miguu, akaondoka bila kugeuka.

Kambini kicheko kilidumu siku kumi na nane. Siku ambayo vifaranga wangetoka, alikuwa kwenye foleni ya maji, na aliona kama amemwagiwa ndoo mgongoni. Mayai yale hayataanguliwa leo wala kesho, na mweusi hatanyanyuka. Nani atamnyanyua? Martine hamjui kuku huyu. Atasubiri vifaranga wake, na kuku atakufa akimsubirisha. Adolphine alikuwa amemlipa adui kwa shingo ya kuku wake mwenyewe, na hakuweza kumwambia Clément kwa nini hali chakula.

Siku ya ishirini na nane ya yale mayai, Léonie wa kanisani alikuja kambini na kitunga kilichofunikwa kanga. Ndani alikuwamo mweusi, mwepesi kama kapu tupu, na chini yake mayai matano.

"Martine ananituma," alisema Léonie, bila kumtazama usoni. "Anasema, sharti ni sharti. Kuku ni wa kwako, na nusu ni ya kwako. Tano ya kwake alisha kupasula."

Clément alifurahi, masikini. Alichukua yai moja, akalitikisa sikioni, akaligonga kwenye jiwe ili aone vipi. Harufu iliwafukuza watoto. Ganda lilitoka vipande vipande pamoja na ute, na kiini kikabaki kimesimama mkononi mwake, kigumu, cha kijani.

"Adolphine," alisema polepole. "Ulichemusha?"

Léonie alikunja kanga yake, akaaga watoto tu, akaondoka.

Adolphine alikoroga uji, akapiga magoti mbele ya kitunga. Mweusi hakutazama uji. Alijikokota juu ya mayai manne yaliyobaki, akashusha tumbo, akayafunika. Adolphine alipoingiza mkono kuyatoa, kuku alimdonoa, akamdonoa tena, hadi damu ikatoka. Hakuuondoa mkono.