Gogo Lililofuliwa

Mtaani walimwita Mama Povu, naye jina hilo hakulichukia. Alikuwa dobi, tena dobi wa kweli: ukimpa shati lililomwagikiwa oili ya gari, analirudisha jeupe mpaka unaona haya kulivaa. Kwake yeye dunia ilikuwa na mafungu mawili tu, vitu vilivyopita kwenye sabuni na vitu vichafu. Liweke hilo akilini, maana ndilo lililomponza.

Mumewe alikuwa seremala. Nasema alikuwa, kwa sababu ndivyo mwenyewe alivyosema tangu msumeno wa umeme ulipomla vidole viwili vya mkono wa kulia. Kidonda kilipona, moyo ukagoma. Majirani walikuja kumpa pole, na kila mmoja akajiona wa kwanza kumkumbusha kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

"Koleo unanunua jingine," aliwajibu. "Vidole vinauzwa duka gani?"

Baadaye akatangaza kwamba sanduku lake la zana, lililokuwa likilala uvunguni mwa kitanda, anamuuzia fundi mmoja wa mtaa wa pili. Fundi angelifuata mwisho wa mwezi. Mama Povu hakubisha, ila aliingia bafuni akafungulia bomba ili asisikike akilia. Alijua kwamba sanduku lile likivuka kizingiti, mumewe atabaki ganda tupu.

Kitu pekee kilichomtoa Seremala kitandani ni samaki. Binti yao alipohamishwa kikazi aliwaachia tangi lake la kioo, lenye visamaki vya rangi rangi na kambale mmoja mdogo mwenye ndevu. Seremala alimwita kambale huyo Mzee Mwenzangu. Kila asubuhi alivuta kiti, wakatazamana. Sasa Mzee Mwenzangu naye akaanza kususa chakula. Alijibana nyuma ya pampu kutwa nzima mpaka ubavu ukachubuka, na Seremala akawa anamwangalia kwa macho ya mtu aliye msibani. Mama Povu akaona hapa hapakaliki, akaenda kwa muuza samaki wa mapambo.

"Huyo hapendi mwanga, shangazi," muuza samaki alimwambia. "Hana pa kujificha. Tafuta gogo gumu lililokaa mtoni, lisafishe vizuri, uliweke mle. Atatulia."

Lisafishe vizuri! Angejua anamwambia nani, angefafanua. Mama Povu alikwenda moja kwa moja chini ya daraja, mahali mafuriko yanapobwaga kila takataka, akaokota gogo lenye pembe mbili. Akalirudisha nyumbani ndani ya mfuko wa nguo chafu, akaliloweka kwenye beseni la sabuni ya unga, akalisugua, akaliongezea dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, akalianika kambani pamoja na mashuka ya watu. Lilipokauka akaingia nalo sebuleni kifua mbele, linanukia vitanda vya hoteli.

Seremala alikuwa kitini pake. Mkewe alipofunua tangi, pua ikamcheza.

"Ngoja! Hilo gogo umelifanyaje?"

"Nimelifua."

"Umeli... nini?"

"Nimelifua, bwana. Kwa sabuni. Ulitaka niliweke na uchafu wake?"

Seremala aliruka akalidaka kwa mkono wa kulia, ule ule ambao siku zote alikuwa akiuficha mfukoni. "Mke wangu, mti unakunywa! Hiyo sabuni imeingia mpaka moyoni mwake. Ukilitumbukiza humu inatoka pole pole, kesho tunazika samaki wote."

Alikuwa amebakiza kidogo tu aue kile kitu kimoja kilichomfanya mumewe aamke asubuhi. "Basi nilisuuze," alisema, na machozi yakamtangulia.

"Suuza mpaka uzeeke." Seremala aligeuza gogo huku na huku, akalinusa tena. Kisha akaanza kucheka, kwanza puani, halafu kwa sauti, mpaka akajishika mbavu. "Lina harufu ya Jumatatu ya kufua hili! Viatu vyangu viko wapi? Twende wote huko mtoni, maana nikikuacha peke yako, la pili utalipiga pasi."

Mtoni aliokota na kutupa. Hili alilibonyeza kwa ukucha, likabonyea: limeoza. Lile alilinusa: bado lina utomvu. Mwisho akapata moja jeusi, gumu, lenye uwazi chini yake. "Hapa Mzee analala," akasema.

Walipofika nyumbani alivuta sanduku kutoka uvunguni. Mume akashika patasi kwa mkono wa kulia, ikamponyoka. Akaihamishia kushoto, ikateleza, akatoa neno ambalo sitaliandika. Mama Povu aliuma ulimi asije akamwambia pole.

"Njoo ulishike," Seremala akasema hatimaye.

Akalishika. Mume akabandua maganda, akakwangua sehemu laini, wakapiga brashi kwa maji matupu. "Matupu, mama, matupu!" Ukafika wakati wa kuchemsha, Mama Povu akaleta sufuria.

"Hilo si lile la kuchemshia nguo?"

Akalirudisha. Mazoea yana taabu.

Walichemsha kwenye sufuria la chakula. Maji yakageuka rangi ya chai ya rangi, wakamwaga, wakachemsha tena, kisha wakaliloweka kwenye ndoo na kubadilisha maji kila asubuhi mpaka yakabaki meupe. Hata hivyo gogo likaelea. Seremala akalitoboa kwa keke, akapitisha uzi wa nailoni, akalifunga kwenye jiwe bapa walilolichemsha nalo. Safari hii likazama, likatulia. Mzee Mwenzangu alijitia hamnazo nyuma ya pampu kutwa nzima. Jioni, ndevu zikachungulia chini ya gogo, na chakula kikaliwa. Mama Povu alipiga vigelegele peke yake.

Mwisho wa mwezi fundi wa mtaa wa pili akabisha hodi. Mama Povu akaenda kufungua, mikono inadondosha povu.

"Nimekuja kuchukua lile sanduku, mama."

Hajajibu, sauti ikatoka uani: "Mwambie zana zina kazi!"

"Kazi gani?" fundi akauliza. Hata Mama Povu hakujua. Alimwomba radhi, akafunga mlango, akaenda kuona.

Seremala alikuwa juu ya kigoda, lile gogo la kwanza, lililofuliwa, amelibana kati ya magoti. Pembe zilikuwa zimekatwa, katikati pamechongwa shimo, na kando kuna mifereji ya kutolea maji. Upande mmoja ulikuwa juu kuliko mwingine. Zamani kazi ya namna hiyo angeitia jikoni iwe kuni.

"Limepinda kidogo," alisema bila kuinua macho. "Mkono huu bado mwanafunzi."

"La nini?"

"La kuwekea sabuni yako. Si umeshalizoesha?"

Mama Povu alilipokea kwa mikono miwili. Akalipeleka kwenye karo, akaweka kipande chake cha sabuni juu yake, akaligusa kwa kidole.

"Linayumba," akasema.

"Lete," akasema Seremala, na tupa ya kusawazishia alikuwa nayo tayari mkono wa kushoto.