Benki ilitaka kuona ng'ombe wote zizini, baba akawakusanya

Wakuu, hamjambo. Nachapa kwa kidole kimoja, mnivumilie. Haya niliyaona kwa macho yangu, na anayetaka picha asinisumbue. Miaka ya hamsini, nani kule Ndara alikuwa na kamera?

Nasoma humu vijana wakilia eti wamenyimwa loan. Poleni, lakini hamkuanza nyinyi.

Nilikuwa msichana mkubwa, karibu kuolewa. Kusaga mahindi ilikuwa ni kwa jiwe, ama ubebe mzigo kwa miguu mpaka Voi kwenye mashine. Mama aliharibika mgongo kwa hiyo kazi. Baba akaamua kununua mashine ya kusaga, ile ya dizeli, aiweke kwetu.

Pesa hakuwa nayo. Ng'ombe alikuwa na wengi, ila zizini ungekuta wachache, na hao wenyewe ni wa watu.

Ngoja nieleze hapa. Mdawida, yaani Mtaita, wa zamani hakufuga ng'ombe wake pahali pamoja. Huyu unampelekea rafiki Marungu, yule anaenda mlimani, na wewe unafuga wa wenzako. Rafiki anakunywa maziwa, na ugonjwa ukiingia kwako, wa kwingine wamebaki. Huyo mtu anakuwa ndugu yako kabisa.

Basi baba akamwendea mtu wa benki, aliyekuwa anakuja Voi kwa treni kutoka Mombasa. Akaulizwa security, yaani dhamana. Shamba lilikuwa la ukoo, title hakuna. Baba akasema ana ng'ombe.

Bwana akajibu, "Wakusanye nyumbani kwako. Nikiwaona tutaongea."

Mama alikataa. "Baba Mghoi, huyu wa benki humjui. Mwadime unamjua."

Mghoi ndiye mimi. Mwadime ni rafiki ya baba kule Marungu, aliyekaa na ng'ombe wetu tangu sijazaliwa. Baba hakusikia. Alikuwa ameshaanza kuonyesha watu pahali injini itakaa.

Mwadime aliwatoa bila ugomvi. Aliuliza tu, "Kwani nimekukosea nini?"

Baba akaanza mambo ya security, huku anawaswaga ng'ombe. Kwetu, kumwondolea mtu ng'ombe bila kosa ni kumwambia mbele ya watu kwamba humwamini. Na alifanya hivyo kwa kila rafiki.

Zizi likajaa. Walipendeza, sikatai. Tukangoja. Treni inafika, bwana hayumo. Baba anaenda Voi, anaambiwa wiki ijayo. Wiki ijayo, hadithi ni hiyohiyo.

Ugonjwa wa mapafu ukaingia. Ng'ombe wamebanana, mmoja akikohoa wote wanakohoa. Walikufa mpaka tukashindwa kuchimba mashimo. Baba alikuwa anakaa nao, anawapangusa pua kwa shati lake.

Ndipo bwana akafika, na kofia yake. Akatazama zizi. "Sasa hapa nikopeshe nini?"

Hata pole hakusema. Mpaka leo nikikumbuka hiyo sauti kifua kinawaka.

Kwa desturi, ukifikwa hivyo rafiki anakuletea mtamba uanze upya. Hakuna aliyeleta. Angeleta nani, na wote baba alishawavunja moyo?

Mashine ilikuja Ndara baadaye, ya mwenye duka mmoja Voi mwenye title, kwa mkopo wa benki ileile. Baba akapata kazi hapo, ya kubeba magunia.

Funzo langu ni hili: mali iliyo kwa rafiki ni mali, hata kama benki haiioni. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na dhiki yetu ilipokuja bwana wa benki alikuwa Mombasa.

Baba alipokufa, Marungu walikuja wengi kuzika. Mwadime alikuwa mzima, na hakuja.

Haya, nyinyi mnaofanya kazi benki, mko humu najua. Niambieni, mtu kama Mwadime mnamwandika wapi kwenye fomu zenu? Na wengine semeni yenu, nasoma yote.