Mwalimu Wu na Sentensi ya Furaha

Saa mbili asubuhi, Mwalimu Wu Shunlan anabandika picha ubaoni, anachochea makaa jikoni, kisha anakaa dawati la pili. La kwanza lina mwenyewe: Yang Qiaoyun, miaka minane, mwanafunzi pekee aliyebaki katika shule ya Yanjiao, milimani Guizhou.

Picha ni ya baba, mama na mtoto wamekaa kwenye nyasi wakila. Kazi ni ileile ya watoto wa China nzima: tazama picha, andika. Lini, wapi, nani, anafanya nini. Mwishoni hutakiwa sentensi ya furaha, na hapo ndipo hawa wawili hawaelewani.

Qiaoyun anasoma alichoandika: "Mama anakula upesi. Baba hajavua koti. Begi lao bado limefungwa. Basi linakaribia kuja."

"Basi liko wapi hapo, we mtoto?"

"Halijafika."

"Haya, malizia: 'Leo tumefurahi kweli.'"

"Nani kafurahi?"

"Si huyo mtoto!"

"Kwani umemuuliza?"

Mwalimu anacheka mpaka anashika kiuno. Wazazi wa Qiaoyun wako kiwandani Dongguan. Huja Mwaka Mpya na kuondoka kabla nguo walizofua hazijakauka. Mtoto anaandika anachokijua.

Ila Ijumaa ana mtihani wa kuingia shule ya bweni mjini. Mara ya kwanza alianguka. Msahihishaji aliandika kwa wino mwekundu: "Haya hayamo kwenye picha." Akianguka tena, atabaki hapa mwaka mwingine. Akifaulu, anahama, na Yanjiao inafungwa.

"Sikufichi, ningependa abaki," Mwalimu Wu ananiambia mimi, jirani yake niliyekuja kutazama somo, wakati Qiaoyun yuko nje anafuta ubao mdogo. "Mwanangu yuko Guangzhou, baba yake nilishamzika. Jioni naongea na jiko. Lakini huyu atacheza na nani? Na mimi, na magoti haya?"

Alipoanza kazi, miaka thelathini na mmoja iliyopita, watoto walibanana watatu kila dawati. Nimekaa kijiji hiki muda mrefu, na bado ukimya wa darasa lile unaniuma.

Mchana Qiaoyun anakubali. Anaiandika sentensi ya furaha, kwa maandishi makubwa, kama anayelipa faini. Mwalimu anaisoma, anaweka alama ya vema, halafu anafunga daftari.

"Ukifika mjini," anasema, "kila Jumapili muombe matroni anitumie picha kwa simu. Bwenini, uwanjani, popote. Mimi ndiye nitaandika sasa."

"Nani atasahihisha?"

"Wewe."

Qiaoyun anamkazia macho. "Sawa. Lakini ukiandika umefurahi na si kweli, nakukata alama."

"Utanikata zote," anasema Mwalimu Wu, na kumvuta karibu amfunge vizuri skafu.