Mgongo wa Bijou

Sauti ninayoikumbuka kuliko zote ni ya kucha zikikwaruza saruji. Bijou, mbwa mdogo wa pua bapa ambaye Papa alimleta kutoka Lubumbashi, alikuwa na miezi mitano alipoanza kuburuta miguu ya nyuma kwenye baraza yetu, hapa Likasi. Kila mkwaruzo ulinifanya nizibe masikio, kwa sababu nilidhani namjua aliyemvunja. Nilikuwa na miaka minane. Juma moja kabla, mchana wa jua kali, nilimbeba mgongoni kwa kitenge cha Mama, kama wanawake wanavyobeba watoto, nikatoka nje nikimwimbia. Fundo likafunguka. Alidondoka kwenye ngazi, akalia mara moja, akanyamaza. Nilikikunja kitenge, nikakirudisha kabatini, nami nikanyamaza.

Papa, aliyekuwa akiendesha lori la mgodi wa Kakanda, hakuuliza sana. Jirani yetu Mama Odile, muuza samaki wa ziwa Tshangalele, alizoea kumfukuza Bijou kwa fagio kila alipokaribia samaki wake walioanikwa. Hilo lilimtosha Papa. Alisimama uani akapaza sauti mpaka wapita njia wakasimama. "Weye njo ulivunja mugongo ya imbwa yangu!" Mama Odile alimtazama, kisha akanitazama mimi niliyejibanza mlangoni. "Minye siyapiga ile imbwa hata siku moya," alisema, akarudi kugeuza samaki wake. Tangu siku hiyo nyumba zetu mbili hazikusalimiana. Chakula kilinishinda. Mama alidhani ni malaria.

Tulimpeleka Bijou Lubumbashi kwa daktari wa wanyama aliyejua kupasua migongo. Njia nzima nilimpakata, mkojo wake ukinilowesha gauni, kwa kuwa hakuweza tena kuuzuia. Nilikuwa nimesikia kwamba mashine ya radio, ile ya kupiga picha za mifupa, inaona ndani ya mwili, na akilini mwangu hilo lilimaanisha itaonyesha kila kitu: mifupa, ngazi, kitenge, mimi. Daktari alipoinua picha kwenye mwanga wa dirisha, nilijificha nyuma ya Papa.

"Hii mufupa haikuvunjika, Papa," alisema. "Alizaliwa nayo hivi." Alituonyesha pingili moja ya mgongo iliyochongoka kama kabari, ikiupinda mgongo na kuubana mshipa wa fahamu upitao ndani yake. Mbwa wa pua bapa huzaliwa hivyo mara nyingi, alieleza; wengine hawaugui kamwe, wengine huanza kupooza wanapokua. Kisha akauliza, "Aliangukaka siku moya? Munambie kweli. Kama kuko kingine chenye kutikisika, nijue mbele ya kupasua." Papa akasema hapana. Nikaona wazi kwamba ningeweza kunyamaza milele, ila atakayelala mezani kupasuliwa ni Bijou.

"Aliangukaka," nikasema. "Minye njo nilimuangusha."

Papa hakunipiga. Aliketi kwenye benchi kama mtu aliyechoka ghafla. Daktari alisema huenda kuanguka kuliharakisha tu jambo lililokuwa likija. Hakusema hakukuchangia, nami sijawahi kujidanganya kwamba alisema hivyo. Angefungua mfupa kwa juu ili mshipa upate nafasi, kisha aushikize mgongo kwa vyuma vidogo, na Bijou angeweza kufia palepale. Tulingoja nje asubuhi nzima. Kila mlango ulipofunguka nilifumba macho.

Aliamka. Kwa majuma mengi tulimshikilia kwa taulo chini ya tumbo akijifunza upya kutembea. Alitembea, ingawa aliyumba kama mlevi mpaka uzeeni.

Siku tuliyorudi, Papa alinishika mkono hadi kwa Mama Odile, yeye aombe radhi, mimi niseme ukweli. Sikufika mwisho. "Nilikuona pa ngazi, mutoto yangu," Mama Odile alinikatiza. "Nilinyamaza juu Papa yako alikuwa na kasirani. Nilisema atakuuwa na fimbo."

Sasa nina umri aliokuwa nao Mama Odile aliponifichia siri ile. Siku hizi mtu wa Likasi humpiga picha mbwa wake anayeyumba, akamtumia daktari kwa simu, akajibiwa kabla ya chakula cha mchana. Hofu ya kungoja imefupishwa. Lakini juzi jirani alinisingizia mbele ya watu kwamba nimemwaga maji machafu kwake. Aliyeyamwaga ni binti yake mwenyewe, nilimwona. Sikungoja hata amalize. Nilimtaja mtoto yule kwa jina, kwa sauti kubwa, na mama yake akageuka kumtafuta.