Miguu Ifike Chini

Mtu akienda kwa Mama Randa kuagiza kiti, haulizwi anakitaka cha rangi gani. Anaambiwa akae. Mlangoni mwa karakana kuna sanduku la mbao lisilo na egemeo, na juu yake vimepangwa vipande kumi na viwili vya ubao, kila kimoja unene wa kidole. Mteja hukalishwa hapo juu kama mshtakiwa, na ndiyo maana wateja wenyewe walilibatiza jina la Kizimba. Mama Randa hupiga magoti sakafuni akatazama visigino. "Nyanyuka kidogo," husema, akachomoa kipande kimoja. "Kaa tena." Hutazama, akachomoa kingine, hivyo hivyo mpaka nyayo zote mbili zilale sakafuni bila mwenyewe kujinyoosha. Hapo tu ndipo huchukua penseli nyuma ya sikio na kuandika kimo. Kama ulikuja na haraka zako, pole sana.

Seremala huyu alikuwa na miaka arobaini na minane, mikono migumu na kicheko kilichosikika hadi kona ya barabara. Karakana aliachiwa na marehemu baba yake, yeye na mdogo wake wa mwisho. Mdogo huyo aliitwa Ngongoti, kwa kuwa alikuwa mrefu kupita kiasi. Mtaa mzima hapakuwa na mlango usiolijua paji la uso wake. Yeye hakushika msumeno. Kazi yake ilikuwa simu, karatasi na wateja, na mfukoni mwa shati alichomeka kalamu tatu, moja tu ikiwa na wino. Wa tatu pale alikuwa Mzee Msasa, mpakaji wa vanishi, aliyekuwepo tangu enzi za baba yao. Huyo alikuwa mchache wa maneno, lakini akifungua mdomo ilikuwa heri umwombe aufunge.

Tatizo la karakana ile halikuwa ukosefu wa kazi. Hawakujua kukataa. Vitanda, milango, makabati, mabanda ya kuku, majeneza, vyote vilipokelewa kwa mikono miwili. Mshika mbili moja humponyoka, nao walikuwa wameshika kumi. Kuna bibi harusi aliyeagiza kabati la kuanzia maisha. Lilipofika, mwanawe wa kwanza alikuwa ameshaanza kutembea, akajificha ndani yake. Na kila kazi ilipochelewa, aliyepiga simu kuomba radhi alikuwa Ngongoti. Aliomba radhi asubuhi, mchana na jioni, kwa sauti ya upole, huku dada yake akiwa amepiga magoti mbele ya visigino vya mtu mwingine.

Jumatatu moja Ngongoti aliingia kifua mbele, akisahau kuinama, mlango ukamkumbusha. Mkononi alikuwa na fomu. Hospitali mpya ilitafuta fundi wa kutengeneza viti sitini vya ukumbi wa kusubiria. Fomu yenyewe haikuwa na makuu, ila katikati palikuwa na nafasi iliyoandikwa: *Eleza kwa sentensi moja dhamira ya kampuni yako.*

"Hapo usihangaike, Dada," Ngongoti alisema. "Nimeshamaliza." Akatoka nje, akarudi na kibao alichokwenda kuandikisha kwa mchora mabango, akasoma kwa sauti ya mtu anayehutubia uwanja mzima: "Kuwa kinara wa suluhisho bunifu za samani zenye ubora wa kimataifa kwa ustawi endelevu wa jamii." Maneno yalikuwa mengi kuliko kibao. Neno la mwisho lilikosa nafasi, likapinda na kushuka pembeni kama mtu anayetoroka mkutano.

Mzee Msasa aliacha kupaka vanishi akakitazama kibao kile kwa makini. "Kizuri," alisema. "Kina miguu mingapi?"

Mama Randa alicheka mpaka akashikilia meza. Ngongoti hakucheka. Alikiegemeza kibao ukutani, akavuta pumzi, akasema jambo alilokuwa amelibeba kwa wiki nzima. Duka kubwa la samani la mjini lilimtaka akawe msimamizi wa mauzo, mwenye ofisi yake mwenyewe, na lilingoja jibu Ijumaa ya wiki iliyofuata. "Tukipata viti hivi, Dada, nabaki. Tukikosa, naenda. Si kwamba siwapendi. Nimechoka kuomba radhi."

Mama Randa aliacha kucheka, akaiachia meza. Huyu ndiye mtoto aliyembeba mgongoni mpaka miguu yake mirefu ikawa inaburuza chini. Bila yeye simu ingelia mpaka ichoke yenyewe, na watu wangepita wakidhani pamefungwa. Lakini si simu iliyomuuma. Alijiona akifungua mlango asubuhi, naye hayupo. Alitaka kumwambia hivyo. Badala yake alisema, "Niachie hiyo fomu."

Siku tatu sentensi ilimkwepa. Akimchongea mtu kitanda, alijiuliza kitanda hiki ni cha nini, akajijibu ni cha kulalia, na jibu hilo halikumsaidia kitu. Alhamisi jioni aliikunja fomu akaenda kwa mama yake, mtaa wa pili, kwenye nyumba alimozaliwa.

Mama alikuwa ameketi kwenye kile kiti chake. Kilikuwa kifupi kupita vyote sebuleni, na kila mgeni aliyekikalia kwa bahati mbaya alidhani ameanguka. Mama mwenyewe alikuwa mfupi. Miaka yake yote ya kazi alikuwa mpokea simu katika ofisi moja kubwa, akikalia kiti kilichotengenezwa kwa ajili ya mtu mwingine, miguu ameiweka juu ya kopo tupu la rangi. Jioni alirudi vifundo vimemvimba, na nyumbani nako viti vya mumewe vilikuwa virefu vilevile. Siku moja binti yake wa miaka kumi na mmoja alichukua msumeno wa baba na kukikata kiti cha sebuleni miguu. Kikayumba. Akakata mguu mmoja zaidi ili kisawazike, kikayumba upande mwingine. Akaendelea kukata na kusawazisha, mpaka baba alipoingia na kukuta kiti kimebaki kimo cha kuku, na vumbi la mbao limejaa zuliani. Mzee alikuwa ameshavua mkanda. Mama akamzunguka, akakaa, akaegemea nyuma, akaweka miguu chini na kufumba macho. "Mwache mtoto," alisema. "Na kiti hiki hakitoki hapa."

Sasa Mama aliisogeza fomu mbali na macho yake, akaisoma, akacheka kicheko kilekile cha binti yake. "Mwanangu, unaitafuta kwenye karatasi? Wewe hukuanza kwa mbao. Ulianza kwa miguu yangu."

Mama Randa alikaa zuliani palepale palipokuwa na vumbi la mbao miaka ile.

"Na yule mrefu wetu," Mama aliuliza, "umeshampima?"

"Hataki, Mama. Kila nikimwambia akae Kizimbani anasema yeye si mteja."

"Mh," alisema Mama, akamrudishia fomu.

Kesho yake Mama Randa aliandika, kwa penseli kwanza, kisha kwa ile kalamu moja yenye wino: *Tunatengeneza viti ili kila anayekaa, miguu yake ifike chini.*

Ngongoti aliisoma mara mbili, akitumaini ya pili ingekuwa tofauti. "Dada! Wenzetu huko wanaandika mambo makubwa."

"Hili ndilo ninalolijua kwa hakika. Nikiandika jingine nitakuwa nimemwandikia mtu mwingine fomu yake."

Fomu ikaenda. Lakini sentensi haikukubali kubaki ndani ya bahasha. Saa nne asubuhi alikuja bwana mmoja kuagiza banda la kuku. Mama Randa alifungua mdomo kusema karibu, neno likamkwama. Akamgeukia Mzee Msasa.

"Kuku hakalii kiti," alisema Mzee Msasa.

Bwana yule akaelekezwa kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Mchana akafuata wa kabati, naye akaelekezwa hukohuko. Ngongoti alishika kichwa. "Sasa tumekuwa wapokeaji wa fundi wa ng'ambo!" Hata hivyo, Jumatatu ilipofika, mbao za kazi nusunusu zilikuwa zimepungua, na sakafu ikaanza kuonekana. Mzee Msasa akaipata nyundo yake aliyomshutumu kibarua mmoja kuiiba miaka minne iliyopita. Jumanne vikakamilika viti vinne vya mwalimu mmoja mstaafu, siku moja kabla ya tarehe. Ngongoti alipompigia simu aje avichukue, mwalimu alimkatia, akijua kwa yakini kwamba ni tapeli. Akapigiwa mara ya pili. Ngongoti alipokata simu alikitazama kifaa kile mkononi kwa muda mrefu. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alimpigia mteja bila kuanza na "samahani."

Jumatano wakaja wageni wa hospitali: daktari mkuu, afisa ununuzi mwenye faili kubwa, na muuguzi mkuu, mama mfupi mwenye macho makali ambaye hata daktari alimpisha njia. Afisa alianza kusoma kibao kilichoegemea ukutani, akafika katikati, akachoka.

"Tangazo letu liko wazi," alisema. "Viti sitini, kimo kimoja."

"Karibuni mkae kwanza," alisema Mama Randa.

Daktari akakaa Kizimbani akicheka, akapunguziwa vipande viwili. Kisha muuguzi mkuu. Alikaa kama alivyozoea kukaa kila mahali, kwenye ukingo, mgongo umesimama, vidole vya miguu vikitafuta chini. Mama Randa alichomoa kipande, kisha cha pili, cha tatu, akaendelea hadi cha saba. Nyayo zikalala. Yule mama alisogea nyuma, akayashusha mabega. Macho yalimlegea.

"Miaka ishirini na sita," alisema hatimaye, "nakaa kwenye vikao miguu inaning'inia. Nilidhani kosa ni langu."

Afisa ununuzi alikohoa. "Kimo kimoja," alirudia.

Mama Randa alimwona Ngongoti nyuma ya mgeni akimwashiria kwa macho, kwa nyusi, kwa mikono yote: kubali, kubali, kubali. "Wanaosubiri daktari wana watoto, kuna wazee, kuna warefu," alisema. "Vimo vitatu nitawatengenezea kwa moyo wote. Sitini vya kimo kimoja, sitengenezi."

"Mtajibiwa," alisema afisa, akafunga faili.

Jibu lilikuja Ijumaa asubuhi. Karakana ilipewa viti ishirini vifupi, kwa ombi maalumu la muuguzi mkuu. Arobaini vilivyobaki vilikwenda kwa duka kubwa la samani la mjini, lilelile. Ngongoti alisoma barua akiwa amesimama. Hawakuwa wamepata, hawakuwa wamekosa, na dada yake hakujua amuulize vipi. Aliikunja barua, akaiweka mezani, akachukua mkoba wake, akainama mlangoni, akaenda zake mjini.

Mama Randa aliupiga randa ubao uliokuwa umeshapigwa. Akaupiga tena. Maranda yalimjaa miguuni.

"Ubao huo hauna kosa," alisema Mzee Msasa.

"Najua," alijibu, akaendelea.

Saa tisa alasiri mlango ulizibwa na mtu mrefu. Ngongoti aliingia bila kugonga kichwa, akasimama katikati ya karakana kama aliyesahau alichofuata. Mama Randa hakuuliza, kwa kuwa aliogopa jibu.

"Wamenionyesha ofisi," Ngongoti alisema. "Ina dirisha. Ina kiti cha ngozi, kinazunguka."

"Hongera, mdogo wangu."

"Nikakaa. Magoti yakanifika kidevuni, Dada. Nikamwambia bosi wao, kiti hiki kifupi. Unajua alinijibu nini? 'Utazoea.'" Alichomoa zile kalamu tatu mfukoni akaziweka mezani juu ya barua. "Nikakumbuka nimezoea maisha yangu yote. Shuleni, kwenye mabenchi, hata hapa, naomba watu radhi nikiwa nimekalia ndoo. Nikasema, kuna mtu namjua hamwambii mtu azoee."

Akaenda mlangoni, akakaa Kizimbani.

"Nipimie, Dada."

Kinyozi hajinyoi, watu husema. Mama Randa alikuwa amepiga magoti mbele ya mtaa mzima, na miguu aliyoibeba mgongoni hakuwahi kuipima hata mara moja, eti mwenyewe hataki. Wala hakuwahi kumbembeleza. Alipiga magoti. Vipande vyote kumi na viwili vilikuwa pale na havikutosha. Magoti ya Ngongoti bado yalikuwa juu. Akatazama huku na huku kutafuta ubao.

Mzee Msasa alikwisha kwenda ukutani. Alirudi na kile kibao, akamwashiria Ngongoti kwa ncha ya kidole anyanyuke, akakilaza juu ya vipande vingine, maandishi yakitazama juu. "Kaa," alisema. "Leo kitafaa."

Ngongoti akakaa juu ya ustawi endelevu wa jamii. Magoti yakashuka, mapaja yakalala sawa, mgongo ukanyooka, na nyayo zile kubwa zikatulia sakafuni. Akacheka, kisha akakaa tu.

"Usisogee," alisema Mama Randa, akachukua penseli nyuma ya sikio. Ilibidi afute macho kwanza ndipo aone pa kuandika.