Siku Niliyomwita Baba kutoka Nyuma

Nilipokuwa na miaka tisa, pale kwetu mtaa wa Raila, nilisadiki kwamba nimemuua baba yangu kwa mdomo wangu. Sikubahatisha, niliambiwa.

Baba alikuwa fundi wa mageti mtaa wa Sarang'ombe. Alikuwa na kompresa ya kupiga rangi, mashine ya kusukuma hewa inayoendeshwa na injini ya petroli ya kando, na kupiga mbizi alijua tangu utotoni. Kule nyumbani, upande wa ziwa, kuna chemchemi ya maji moto, bwawa la kijani lenye pango chini. Wageni walikuwa wameanza kuja kulizamia na mitungi ya hewa mgongoni, na mwenye kambi akamtaka baba aondoe gogo lililoziba mlango wa pango. Baba hakuwa na mtungi. Angeshuka akipumua kwa mpira mrefu uliofungwa kwenye kompresa yake, huku baba mdogo akichunga injini kule juu. Alishafanya hivyo mara mbili mtoni akatoka mzima, na alijisifu mtaa mzima.

Dani, nyanya yangu, tuliishi naye chumba kimoja. Hakuipenda safari ile hata kidogo.

"Ile maji iko na wenyewe," alisema. "Na mtu akitoka kwenda majini, msimwite kutoka nyuma. Akigeuka tu, wameshamwona."

Asubuhi baba na mdogo wake wakabeba kompresa na injini yake hadi Soko la Toi kungoja gari. Nikaona miwani yake ya maji imebaki kitandani. Nilitoka mbio nayo hadi kwenye mitumba, nikauona mgongo wake, nikapiga kelele, "Baba!" Akageuka, akacheka.

"We Akinyi! Bila wewe si ningezama kama kipofu!"

Dani alikuwa amenifuata, anahema. Alinitazama tu.

Siku ya pili akashuka bwawani. Walipouvuta mpira, ulitoka peke yake. Wageni wa mitungi walimtafuta siku tatu, pango likawashinda. Kwetu mtu haachwi bila kaburi, kwa hivyo mahali pa mwili wake wakazika tunda la yago, ule mti mwegea, refu, zito, limefungwa shuka ndani ya jeneza. Jamani, watu wazima walililia lile tunda na kuliita jina la baba! Nikasogea nami nilie, Dani akanishika mkono.

"Ulimwita," akasema.

Miaka ishirini nimelibeba neno hilo. Simwiti mtu akishaondoka, hata mteja aliyesahau simu yake. Mwanangu mwenyewe akikimbilia barabarani, ulimi wangu hugoma.

Mwaka jana, Kawangware, pale ninapouza chapati kando ya gereji, fundi wa rangi alianza kufoka.

"Nani amesukuma injini karibu na kompresa? Inavuta moshi! Mtu akipumua hii kitu atalala asiamke!"

Chapati ikaungua nikiitazama. Nilimuuliza yule fundi maswali mpaka akanichoka: moshi wa injini ukivutwa na kompresa, hutoka kwenye mpira pamoja na hewa.

Jumapili nikaenda kwa Dani. Macho yake yamekwisha, lakini akili ipo timamu. Nikamuuliza siku ile injini ilikuwa imewekwa wapi.

"Mvua ilikuja," akasema. "Baba yako mdogo akaivuta chini ya turubai, ikae pamoja na kompresa isilowe. Aliniambia kabla ya mazishi. Alikuwa anataka kujinyonga."

"Ulijua, na bado ukaniambia ni mimi?"

"Nilikuwa nimebaki na mtoto mmoja, Akinyi. Watu walikuwa wanauliza ni kosa la nani. Wewe ulikuwa mdogo, nani angekugusa? Nilidhani utasahau."

Sijui kama aliamini kweli kwamba yale maji yana wenyewe. Nadhani aliamini, na ndiyo maana ilikuwa rahisi kunitwika mimi. Lakini mtoto wa miaka tisa hasahau, ewe Dani. Hukua na neno kama lile, akaliona kuwa ni sehemu ya mwili wake.

Baba mdogo nimemsamehe. Mvua ilinyesha, akakinga injini ya kazi isilowe, na fundi yeyote angefanya hivyo. Dani sijamsamehe. Kila Jumapili ninampelekea uji, ninamwogesha, ninamkata kucha polepole nisimuumize, na sijamsamehe.