Televisheni ya Bosi Luhende

Wilhelmina hana subira na wajinga, na kazi aliyoipata ni ya kukaa katikati yao. Ndiye peke yake anayeangalia seva na mfumo wa tiketi katika kampuni moja ya mabasi pale Buzuruga. Mfumo ukikwama makarani hupiga kibodi makofi, na mwenye kampuni, Bosi Luhende, hununua kompyuta mpya.

Safari hii bosi alikuja na dawa nyingine. Foleni ya dirisha la karani Dorcas ilikuwa imefika barabarani, na basi la Shinyanga likaondoka nusu tupu. Akatangaza mbele ya abiria kwamba Dorcas ni mzito, wiki ikiisha aondoke. Dorcas huyo, ambaye vidole vyake vina kasi kuliko akili za ukoo mzima wa Luhende!

Wilhelmina akamwahidi Dorcas ataangalia. Akaiamuru seva iandike kila swali linaloichukua muda mrefu kulijibu. Alitegemea kukuta madudu ya makarani. Akakuta swali moja, lilelile, linajirudia kutwa: hesabu tiketi zote zilizouzwa tangu kampuni ianze.

Mpumbavu gani anauliza hivyo kila dakika? Televisheni. Ile kubwa ya ofisini kwa bosi, inayoonyesha jumla ya abiria wake ili wageni wakija washangae. Kila namba ilipobadilika, seva ilikuwa imepekua tiketi zote upya, na Dorcas kule dirishani akingoja.

"Shikamoo bosi. Tatizo si Dorcas, ni ile TV. Niruhusu ihesabu asubuhi tu."

"Marahaba. Sasa mgeni akija mchana aone namba imelala?" Bosi alikuwa ameelewa vizuri kabisa. "Dorcas nimeshamtangaza. Na huko kuandikaandika kwa seva kuzime, kunaleta maneno."

Wilhelmina alimtazama, kitambi na saa yake ya dhahabu, akamdharau kwa moyo wote. Kisha akarudi mezani kwake, akazima.

Jumatatu dirishani aliketi Evelina, mtoto wa dada yake bosi, na foleni ilifika barabarani vilevile. "Mvumilieni, bado mgeni," bosi aliwabembeleza abiria.

Dorcas alikuja kuchukua kanga na chupa yake ya chai, akasimama kwa Wilhelmina.

"Dada, ulisema utaangalia. Ulikuta nini?"

Wilhelmina hakuinua macho.

"Mtandao tu," alijibu.